Jani la Sita

Gari lilikuja Isevya lina nailoni bado vitini,
harufu ya kiwandani haijashindwa na asali.
Bi Kalunde Mihambo akashuka, akazunguka nyuma,
akalipiga teke tairi kama anayepima mbuzi mnadani.
"Lugiko, linachuchumaa.
Ndoo sitini tu kutoka Sikonge, linachuchumaa kama chura."

Nilihesabu majani ya springi: matano.
La sita nilikuwa nalo,
limetoka kwenye lori lililofia Urambo na mzigo wa tumbaku,
chuma ambacho ukikigonga kinaitika.
Nikalipachika.
Akaomba na taa mbili za juu, za kuamshia fisi.
Nikakata waya mwekundu, nikaunga, nikazungusha utepe mweusi,
nikamwambia ninayomwambia kila mtu:
likisumbua, lirudishe. Nipo.

Hiyo ndiyo dhamana yangu. Haina mhuri.

Ile nyingine ilikuwa kwenye droo ya dashibodi,
kijitabu kigumu: miaka mitatu
au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia.
Hatukukifungua.
Tulikirundikia risiti za dizeli, na kitana.

Mwezi wa tano giaboksi ikaanza kulia.
Si kelele. Kilio,
sauti ya mtoto aliyekwisha kuchoka kulia.
Likakokotwa hadi Mwanza, kwa wenyewe.
Kijana mwenye fulana nyeupe
(sijawahi kumwamini fundi asiye na doa)
akaingia chini na simu, akalipiga picha jani langu,
akaupiga picha utepe wangu.
Giaboksi hakuipiga.
"Gari limebadilishwa, mama. Dhamana imekufa."
"Imekufa yote? Hata ya redio?"
Akasema mfumo ndivyo unavyosema.

Mahakamani dhamana humtoa mtu ndani.
Hii ya magari nilidhani ni ndugu yake.

Kalunde akarudi na karatasi, akaniketisha juu ya tairi.
"Kuna mwanasheria pale Cheyo, amekisoma kitabu chote.
Anasema humo hamkuandikwa kwamba ukiongeza kimoja
umeua vyote. Waonyeshe wao
jani lilivunjaje gia.
Wewe andika ulichofanya. Usiniongezee, usinipunguzie."

Miaka ishirini na sita nashika spana,
sijawahi kuandika nilichofanya.
Kalamu iliteleza kwa grisi.
Niliandika: nimeongeza jani moja, la lori, si la gari hili.
Niliandika: nimekata waya, nimeunga bila fyuzi.
(Hapo mkono ulisita.)
Niliandika: nati za giaboksi sikuzigusa,
tazameni, rangi ya kiwandani ingali juu yake,
hakuna hata mkwaruzo.

Kukabaki neno moja ambalo karatasi haikuuliza.
Kabla ya jani la sita alibeba ndoo sitini.
Baada yake, tisini. Nilizihesabu,
nilisaidia kupakia, nikalambishwa.
Gari likanyamaza,
tukadhani limeridhika.
Sasa ni jani lililovunja gia, au ni zile thelathini?
Na zile thelathini zilipandia wapi?

Kalamu ilibaki hewani.
Kalunde alikuwa anatazama ndoo zake.
"Liandike na hilo," akasema.
Nikaliandika, kwa herufi ndogo.

Wiki ya saba sasa, jibu halijaja.
Gari liko juu ya mawe uani kwangu.
Nyuki wameligundua, wanalamba mbao za bodi
kuanzia asubuhi, hawana habari na kipengele chochote.

Nimenunua daftari. Kila nati ninayolegeza
naiandika, na tarehe.
Jana kijana wa Kiloleni kaniletea pikipiki mpya,
anataka egzosi inayonguruma.
Nikamwambia, kwanza nipe kile kijitabu.
Akacheka.
Kiko nyumbani, akasema,
wamekiwekea mguu wa kitanda usiyumbe.