Safu ya Tisa

Wamenipa kigoda, mwavuli wa kampuni ya simu
na karatasi yenye safu nane:
lori, basi, gari dogo, bajaji, bodaboda,
baiskeli, mkokoteni, miguu.
"Kila kinachopita, piga mstari," akasema mhandisi.
"Ikifika minne, wa tano uulaze juu yake."
Akapandisha kioo. Ukungu ukammeza
kabla hajatia gia ya tatu.

Basi niko hapa tangu alfajiri,
njia panda ya Kwa Seme,
soksi jozi mbili na vidole bado ganzi;
Julai ya Mbeya haina adabu
kwa mtu aliyekaa.

Lori la shaba toka Tunduma: mstari.
Jingine. Jingine.
Fuso la lumbesa za viazi, limeinama upande
kama mlevi anayenong'onezwa: mstari.

Kule juu, palipokuwa na pareto,
mabati mekundu yamechipua kuliko maharage.
Mwaka juzi kulikuwa na bikoni tu, na mbuzi.
Tangazo lilisema: viwanja vimepimwa, hati mkononi,
maji yapo, nguzo za umeme njiani,
dakika tano tu toka lami.
Halikusema lami yenyewe
inavukwa kwa dakika ngapi.

Mimi nimehesabu.
Mwalimu Anyosisye, kumi na moja,
mpaka chaki imelowa mfukoni.
Watoto wa sweta za kijani, kumi na wanne,
wameshikana mikono, wakubwa pembeni:
tisa, kisha wakachomoka kwa mkupuo
na honi ikawafuata hadi ng'ambo.
Bi Tupokigwe na ndoo ya maziwa kichwani
akasimama, akaitua, akajitwisha, akaitua tena.
"Mwanangu, hawa wote wanakwenda wapi?"
"Tunduma, bibi. Wengine Dar."
"Haya, wasalimie."
Akageuka, akarudi na maziwa yake mlimani.

Nikatafuta safu ya kumweka. Haipo.
Hakupita, hakukata kona.
Kwa karatasi hii, bibi yule
leo hakutoka nyumbani.

Ndipo nikachana ukingo wa boksi la biskuti,
nikaufanya rula,
nikachora safu ya tisa pembezoni: *Waliongoja.*
Hadi saa sita imejaa hadi chini
na nimegeuza karatasi.

Mhandisi akarudi. "Hii kaichora nani?"
"Mimi."
"Kompyuta haitaisoma."
Akanionyesha mchoro wake: kipilefti,
duara kama chapati ya sherehe, miti katikati,
pundamilia pande nne, taa, mitaro.
Mzuri kweli. Nilitamani kuukalia.
"Bajeti ikipita," akasema. Seme, mziba pancha
aliyeipa kona hii jina,
alicheka bila kuinua macho kwenye tairi;
ameshahamisha kibanda mara mbili
kuupisha mchoro uliotangulia.

Kisha mhandisi akaona maandazi ng'ambo.
Akasogea ukingoni. Mguu mbele, mguu nyuma.
Tangi la mafuta. Basi. Tangi.
Tai yake ikapepea kila lilipopita jitu.
Dakika ya sita akanitazama.
Sikusema neno.
Nikampigia mstari.

Jioni nakunja mwavuli.
Kitalu C, namba mia mbili na kumi na mbili:
nalipa kidogo kidogo, msingi umesimama, jamvi bado,
mama yuko kwenye chumba kimoja chenye bati
na najua ameshabandika chai.
Taa za malori zinashuka mteremko, moja nyuma ya nyingine,
hazina pengo la kupitisha hata kuku.
Kalamu ingali sikioni. Naitoa.
Safu ya tisa, mstari wa mwisho wa leo:
mwanamke, mmoja, kwa miguu,
bado yuko upande huu.