Kiti cha Dereva

Saa tano usiku, Igogo. Bando limebaki nusu.
Nimefunga kibanda, nimehesabu floti,
nimepanda treni ya Norwei.

Sijalipa nauli. Nimekaa mbele kabisa,
pale asiporuhusiwa abiria,
reli zinaingia chini ya miguu yangu
kama kitambaa kwenye cherehani,
na theluji imelala juu ya mapaa,
unga uliomwagika, hakuna wa kuuzoa.

Nazijua stesheni zao kuliko wilaya zangu:
Finse, Myrdal, Voss.
Voss kuna ziwa. Tuliposimama pale mara ya kwanza
nilitafuta mawe yaliyobebana kama yetu,
nikatafuta magugu maji.
Hamna. Maji tu, yamejikalia.

Dereva simjui sura.
Juzi, katikati ya handaki refu, alikohoa.
Nikasema, "Pole."
Kabula akageuka kitandani: "Unaongea na nani?"

Handaki likaisha, mwanga ukanipiga machoni.
Video yenyewe ya miaka sita iliyopita;
kikohozi kile kilishapona, au hakikupona.
Kesho nikinunua bando
nitapita tena palepale,
nisikilize.