Mistari Mitupu

Mimi ndiye karani. Mizani yangu, kalamu yangu,
na daftari jekundu la madeni ya mbolea.
Msimu ule nyumba saba za Kalembela
hazikuja kuandikishwa tumbaku.

Tukacheka, sisi wa chama cha msingi.
Tukawaita wajinga wa mizinga.

Walibomoa mabani, matofali wakajengea ghala moja
la mahindi ya wote, ufunguo wakampa Nyanzala,
mjane asiyejua kusoma
ila anajua nani amelala bila kula.
Jumatatu wanalima kwa Kapaya, Jumanne kwa Mhoja;
anayelimiwa hupika, na hujipakulia mwisho.
Mizinga mia na ushei wakaitundika juu ya miyombo
ambayo sisi tungeikata kukaushia jani.

Meneja wa kampuni akaja na gari jeupe,
akaonja asali, akalamba kidole.
"Tamu," akasema, "lakini haijengi taifa."
Ngasa, moshi wa nyuki mkononi, akamjibu:
"Na deni limejenga nini? Nionyeshe tofali lake moja."

Nisiwapambe lakini.
Mwaka wa pili mvua ilikata Januari.
Ghala likazaa ugomvi; kijana mmoja akatoroka
na debe la asali, na mke wa mtu.
Nyumba mbili zikarudi kwangu, zikapanga foleni, macho chini,
nikaandika majina yao
kwa mwandiko mzuri kupita kawaida. Sijui kwa nini.

Shemeji yangu wa Tabora mjini huniuliza:
nyumba tano zitaitikisaje kampuni
yenye maghala marefu kuliko treni ya Mpanda?
Sina jibu. Mimi ni mtu wa kilo,
nasema kinachosemwa na mizani.

Mwaka huu mstari wa kumi na nne ni mtupu.
Wa kumi na tano, mtupu.
Wa ishirini na mbili.
Na hao hawatoki Kalembela, wala hakuna aliyewaita.

Jana mama Kashindye, marobota yake mlangoni,
aliniinamia kama anayeuliza bei ya daraja la kwanza,
akauliza mzinga wa gogo huchongwa siku ngapi.

Siku mbili, nikamwambia, kama gogo limekauka.

Akanitazama: umejuaje, karani?

Upo mmoja nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai.
Bado haujaingia nyuki.