Dole Gumba

Ghalani kwa Valji, nyuma ya stesheni ya Tanga,
mimi ndiye niliyehesabu ngozi.
Za chui kwa dhiraa,
za pongo kwa mafungu,
za mbega moja moja, nikipuliza manyoya
nione risasi ilipopita:
nyeusi, na shali nyeupe mabegani,
kama bibi harusi aliyeozwa siku ya matanga.

Singano alishuka na treni ya Muheza
kila baada ya miezi mitatu,
nguo inanuka moshi,
miguu imetobolewa na ruba wa Magoroto.
Alitua mzigo, akaomba maji, akayanywa amesimama.
Siku moja tu alizungumza, mvua ilipomzuia:
“Mbega anayeanza kulia alfajiri, huyo usimpige.
Ukimpiga, msitu mzima utanyamaza
na wewe utabaki na masikio yako.”

Daftarini: baruti, ratili mbili.
Chumvi. Kaniki ya mkewe.
Mitego miwili ya chuma, ya chui, yenye meno.
Kila safari alileta ngozi,
kila safari deni likaota mkia.
Niliandika mimi, kwa hati nzuri.
Hati yangu naisifu mpaka leo.
Hesabu, sitaki kuulizwa.

Mwaka ule wa mafuriko alileta ngozi sita tu,
na mkono wa kushoto umefungwa jani la mgomba.
Valji akasogeza wino: “Weka dole gumba.”
Singano akafungua jani, taratibu, kama anayefungua mkate wa mofa.
Vidole vinne.
Mtego haumjui aliyeutega.

“Basi mkono ule mwingine.”
“Huu ni wa kulia,” akasema,
na mpaka kesho sijui alikusudia
upande, au chakula, au machozi.
Akachukua ngozi ya juu, iliyobaki na viganja,
akaukunjua mkono mweusi mbele ya taa.
Mbega hana gumba. Miaka yote ile nahesabu,
sikuwahi kuona.
“Na huyu,” akauliza, “alitia sahihi wapi?”

Akaondoka bila chumvi.

Valji hakusema neno. Alinitazama tu,
akaligeuza daftari upande wangu.
Nilikuwa na mke mja mzito na kodi ya chumba Ngamiani.
Nikachovya dole langu,
nikalikandamiza penye jina lake.

Wino ule ulikaa siku tatu.
Nilikula ugali kwa kijiko.