Ndoo Yenye Mimba

Barua ya kwanza niliiandika kwa mkono,
ya pili nikalipia ichapwe, dukani Kirumba,
ya tatu ikarudi na muhuri: IMEPOKELEWA.
Mimi ndiye katibu wa waanika dagaa wa Igombe.
Nakala zote ninazo, ndani ya mfuko wa unga,
pamoja na kalamu iliyokauka.

Shauri letu lilikuwa ndoo.
Ndoo ya tajiri Masanyiwa, iliyobabuliwa kitako kwa moto
ikasukumwa kwa ndani mpaka ikatoa tumbo.
Ukiijaza, umejaza moja na robo.
Akilipa, analipa moja.
Na kila mmoja wetu alidhani
mikono yake mwenyewe ndiyo haijui kujaza.

Nyanzobe kazi yake ni kuchora majina ya mitumbwi;
herufi zake huvuka hadi Ukerewe na kurudi.
Akaja kikaoni na makopo mawili ya rangi,
mabaki ya boti ya mtu.
Nikamwambia: dada, hapa tunadai haki,
hatupambi harusi.
Hakunijibu. Alikwenda akalisugua lile jiwe kubwa
mkabala na banda la ununuzi,
lenye tangazo la sabuni lililochujuka.

Asubuhi tukaikuta:
ndoo, imelala chali kwenye kitanda cha kliniki,
nesi anaipima tumbo kwa futi kamba,
na foleni ya dagaa wembamba
waliokuja kumjulia hali mgonjwa,
kila mmoja na kikapu.

Hakuandika neno hata moja.

Holo alicheka mpaka khanga ikamdondoka.
Bibi Nyabise, ambaye barua zangu hajawahi kuzisoma
kwa kuwa herufi hazimjui,
alilitazama tumbo lile, akasema polepole:
"Kumbe tuliiona wote."

Watoto wakitumwa bandani wanamuuliza tajiri,
"Anajifungua lini?"
Akapaka chokaa. Mvua ya vuli ikaja usiku,
chokaa ikateremka ziwani, tumbo likabaki.
Akapaka tena.
Nyanzobe akarudi, safari hii si peke yake:
tulikuwa kumi na saba, wa brashi na wa kitambaa.
Mimi nilipewa kidole gumba cha nesi,
nikakiharibu. Bado kipo pale, kama kiazi.

Barua ya nne ilikuwa na mstari mmoja:
*Njoo uone jiwe. Uje na ndoo yako.*
Nyuma yake nikazibana zile tatu,
maana picha humwita mtu,
lakini ofisa akishafika anataka tarehe.

Siku nne hatukuuza.
Dagaa wa Holo walinyeshewa,
akawamwagia kuku, wala hakutaka pole.
Siku ya tano ndoo ya serikali
ikamiminwa ndani ya ndoo ya Masanyiwa, hadharani,
na ile nafasi iliyobaki juu
hakuna aliyehitaji kusomewa.

Sasa ndoo imenyooka.
Bei ndiyo imepinda.
Naandika barua ya tano; Nyanzobe kaketi pembeni,
anakoroga nyekundu kwa kijiti, ananiuliza:
"Hebu niambie, katibu,
bei ikiugua, huumwa wapi?"