Ufunguo wa Kabati

Mtendaji alisema: daftari la maji limo kabatini,
ufunguo uko Dodoma mjini.

Mbeleje hakubisha.
Alifungua fundo la kanga, akamwaga uwele mezani.
"Ndoo moja, punje moja. Tangu kiangazi kianze.
Hamsini hamsini zangu ndizo hizi.
Zenu ziko wapi?"

Kuku wa mwenyekiti akaruka, akadonoa tatu.
Tukacheka.
"Mia na hamsini," akasema Mbeleje, "iandikeni.
Huyu angalau tumemwona akila."

Hapo kicheko kikakatika.
Tukaketi chini, mkutano mzima,
upepo wa Bahi ukitutia vumbi machoni,
hakuna aliyeaga.

Saa kumi ufunguo ukarudi kutoka Dodoma
bila kutoka mfukoni mwa mtendaji.