Kioo cha Kumi na Moja

Nimepewa vioo kumi na kimoja, hapa Wete,
kila kimoja elfu nne, wembe wangu mwenyewe.
Kazi ni kukwangua rangi nyeusi
iliyopakwa mwaka ule wa kuzima taa,
Bwana Shauri alipoamuru mji uwe giza
ndege za Mjapani zisituone.
Hazikuja. Wete nani angeitafuta?
Mikarafuu haiwashi kandili.

Nyumba inaoshwa ili ihifadhiwe.
Boriti zimetiwa dawa ya mchwa,
ngazi imepata mkongojo wa chuma,
na ukumbini wametundika kibao:
*Hapa Bwana Shauri alisikiliza habari za vita.*
Kweli. Redio ilikuwepo.
Kibao hakisemi betri ilipandishwa na nani
kutoka gatini, kichwani,
asidi ikimchirizika shingoni.
Hakisemi foleni ya uani,
kibaba cha mchele kikawa nusu,
nusu ikawa muhogo,
muhogo ukawa njoo kesho.

Nimemaliza kumi. Mwanga umeingia
kama mgeni asiyepiga hodi,
umekuta vumbi limejilalia.

Cha kumi na moja kiko chini, chumba cha pasi.
Hapo wembe umesita.
Katikati ya weusi pana tundu,
dogo kuliko punje ya mtama,
limechimbwa kwa pini, kwa ndani, taratibu,
kwenye kimo cha mtu aliyepiga magoti.

Nami nikapiga magoti, nikaliweka jicho.
Barabara iteremkayo gatini,
kipande chake tu,
akipita mtu unamwona hatua mbili.

Bibi yangu, Mize binti Shaame,
alipiga pasi humu miaka minne, pasi ya makaa,
blanketi limetandikwa sakafuni.
Alikuwa na kaka mmoja, Machano,
aliyepanda meli kwenda Bama
na kofia ya jeshi iliyompwaya.
Bibi hakunisimulia vita hata siku moja.
Alichosimulia ni shati la Bwana,
kola aliyoiunguza asubuhi moja,
akakatwa mshahara wa wiki mbili.
"Macho yangu yalikuwa kwengine," husema,
kisha huuliza kama nimekula.

Mhandisi anapita na karatasi yake.
"Fundi, hicho bado?"
Bado, namwambia.
Hicho nikate.